Mshororo Uliovunjwa na Skrini

Katika muhula wa pili wa masomo yangu ya uzamili niliwasilisha semina kuhusu diwani moja ya mashairi. Mshairi wake yu hai, ni mmoja wa wale wanaochanganya arudhi na mashairi huru katika kitabu kimoja bila kumwomba radhi mtu wa upande wowote. Hoja yangu ilikuwa kwamba katika shairi mojawapo amekihamisha kituo cha mshororo kusudi. Mstari unakatika baada ya mizani 12, kisha mizani 4 zinaanguka chini na kubaki zikining'inia, kama abiria aliyeachwa kituoni basi la mwisho limeshaondoka. Jumla bado ni 16, nilisema, hivyo mshairi anaijua sheria. Anachofanya ni kuivunja mbele ya macho yetu. Nilitumia kurasa 3 kuueleza upweke wa mizani zile 4. Niliuita ukiushi.

Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa diwani ile ile, ya karatasi, jalada limechakaa pembeni, akaufungua ukurasa wenyewe na kuusogeza mbele yangu.

"Binti, hebu soma hapa."

Nikasoma. Mshororo ulikuwa mzima. Mizani 8 huku, mizani 8 kule, kina cha kati mahali pake na kina cha mwisho mahali pake. Mshairi hakuvunja kitu. Aliyevunja ni programu niliyosomea, kwenye skrini ya inchi 6, kwa herufi ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezikuza kwa sababu nasoma usiku na macho yangu si mazuri.

Darasa lilicheka, nami nikacheka nao. Kilichoniuma hakikuwa kicheko. Kwa miaka minne nilikuwa nimefundishwa kuliuliza kila andiko maswali yale yale: nani aliandika, nani alihariri, hili ni toleo la lini. Lakini kifaa changu nilikishika kama kioo cha dirisha, kana kwamba kati yangu na mshairi hapakuwa na mtu.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hatuna kisingizio katika hili. Tenzi za kale zimetufikia kwa mikono ya wanakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwanamuziki na mchonga milango, lakini watafiti wanamkumbuka zaidi kwa hati alizonakili, nyingi zikiwa kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya kama William Hichens. Sehemu ya kazi hizo ipo hadi leo katika maktaba ya SOAS, London. Hakuna anayesoma hati ya Kijuma akasahau kwamba kuna mkono ulioiandika. Hati ya Kiarabu haina herufi yake kwa kila sauti ya Kiswahili, kwa hiyo mnakili huamua, na baada yake mhariri anayehamishia maandishi kwenye herufi za Kirumi huamua tena. Hata sura ya ubeti ni uamuzi. Vipande vinne vya utenzi, ambavyo wanakili wengi waliviandika katika mstari mmoja mrefu, katika vitabu vya shule vinakaa kimoja juu ya kingine kama ngazi. Utenzi ni ule ule, ila jicho linatembea njia tofauti.

Programu ya kusomea vitabu ni mnakili wa namna hiyo, isipokuwa ana haraka: ananakili ukurasa upya kila unapoufungua. Chukua EPUB, muundo wa faili uliopitishwa rasmi mwaka 2007 na ambao ndio lugha ya pamoja ya vitabu vya kidijitali. Ukilifungua faili lake ndani utakuta furushi la kurasa za HTML, zile zile zinazotengeneza tovuti, zimefungwa pamoja na maelekezo ya fonti, nafasi na kingo. Humo hamna ukurasa wa 47. Ukurasa wa 47 unazaliwa pale programu inapopima upana wa skrini yako, ukubwa wa herufi ulizochagua na nafasi kati ya mistari, kisha ikaamua wapi pa kukata. Ukigeuza kifaa ubavu, kitabu kinachapwa upya. PDF, iliyotoka Adobe mwaka 1993, ni kinyume chake: ukurasa umeganda kama ulivyotoka kwa mchapishaji, na usipoenea kwenye skrini ni juu yako kuuburuta huku na huku kwa kidole. EPUB inaweza kukubadilishia shairi bila kukuambia. PDF haibadilishi kitu, ila kwenye kifaa kidogo inakuchosha hadi unaacha kusoma.

Sasa fikiria jinsi tunavyochagua programu hizi. Mtu akiuliza atumie ipi, tunamjibu kama wauza simu: hii ina mwanga mzuri, ile betri yake inakaa wiki kadhaa, nyingine ni ya bure. Sina ugomvi na majibu hayo. Skrini ya wino wa kielektroniki kweli hupumzisha macho, kwa kuwa husomeka kwa mwanga unaoiangukia, kama karatasi. Na kifaa kisicho na WhatsApp ni rehema kwa mwanafunzi mwenye tarehe ya mwisho. Lakini hayo ni maswali ya mnunuzi. Msomaji ana maswali yake, na msomaji wa Kiswahili ana ya ziada, kwa sababu programu karibu zote hizi zilitengenezwa na watu ambao lugha yetu haikuwa mezani kwao walipokuwa wakiamua.

Nianze na ushairi, kwa kuwa ndio ulioniaibisha. Nimetunga mshororo mmoja wa kupimia, hauna thamani nyingine yoyote: "Kitabu changu nipeni, nikisome taratibu." Ukwapi una mizani 8, utao una mizani 8, kina cha kati ni "ni" na cha mwisho ni "bu". Kwenye kompyuta unakaa wote mstari mmoja. Kwenye kifaa cha inchi 6 chenye herufi kubwa unatoka hivi:

Kitabu changu nipeni, nikisome
taratibu.

Tazama kilichotokea. Kina cha mwisho bado kiko ukingoni, jicho linakiona. Kina cha kati kimezama katikati ya mstari, na mahali ambapo sauti ingepumzika macho hayapumziki tena. Fanya hivyo kwa beti saba na shairi la bahari ya shairi litaanza kufanana na shairi huru lililoandikwa na mtu mwenye kigugumizi. Programu haikukosea herufi hata moja. Maneno yote yapo. Kilichopotea ni kile ambacho mshairi alikifanyia kazi zaidi ya maneno.

Dawa ipo, na si ngumu. Mchapishaji anaweza kuandika ndani ya faili kwamba kila kipande ni kitu kimoja kisichokatwa, ili skrini ikiwa ndogo mshororo uvunjike kwenye kituo chake, yaani baada ya "nipeni", na utao uingie ndani kidogo ili msomaji ajue kwamba ni mshororo ule ule unaendelea. Ni mistari michache ya CSS. Lakini dawa hiyo inafaa tu kama programu inayatii maelekezo ya mchapishaji, na hapa ndipo zinapotofautiana. Nyingine zinayafuata. Nyingine zina kitufe cha kuchagua kati ya mpangilio wa mchapishaji na wa kwako. Nyingine zinavilazimisha vitabu vyote vivae sare moja, riwaya, mashairi na mwongozo wa kupika pilau, kwa jina la urahisi. Kwa hiyo jaribio langu la kwanza siku hizi ni hili: natafuta mshororo mrefu kuliko yote katika diwani na kuuangalia. Ukikaa salama, mingine itakaa. Usipokaa, napunguza herufi au nageuza kifaa ubavu, na kama programu hainiruhusu lolote kati ya hayo, naiacha.

Nathari nayo ina mitego yake. Kila faili la EPUB lazima litaje lugha ya kitabu. Ni sharti la muundo wenyewe. Kiswahili kina alama yake, herufi mbili tu: sw. Lakini mara nyingi nimefungua vitabu vya Kiswahili nikakuta vimeandikishwa kama en, Kiingereza, nadhani kwa sababu aliyekitengeneza kitabu aliiacha programu yake ya uchapaji ilivyokuja kutoka dukani. Unaweza kusema ni jambo la makaratasi tu. Sivyo. Alama hiyo ndiyo inayoiambia programu ikate maneno kwa kanuni za lugha gani mwishoni mwa mstari, na isome kwa sauti ya lugha gani. Ndiyo maana nimewahi kukuta "wanaf-unzi", mkato ambao mtoto wa darasa la pili asingeufanya. Na ndiyo maana ukibonyeza kitufe cha kusomewa unaweza kupata sauti ya Kiingereza ikipita juu ya aya ya Kiswahili kama mtalii anayesoma menyu ya mgahawa.

Kinachokera ni kwamba Kiswahili ni katika lugha rahisi kukata. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Mtu anaweza kuandika kanuni hiyo kwenye kipande cha bahasha. Na tunaihitaji kuliko Waingereza, kwa sababu maneno yetu ni marefu. Kitenzi kimoja, "watakapowaelekeza", kinabeba sentensi nzima. Programu isiyojua kulikata neno hilo, na inayolazimisha kingo zote mbili zinyooke, italisukuma mstari wa chini na kuacha mapengo juu kama meno ya mtoto wa miaka sita. Wasomaji wengi huona ukurasa wa namna hiyo wakadhani kitabu kimechapwa ovyo. Wakati mwingine wanadhani lugha yenyewe ndiyo haikuumbwa kwa skrini. Kama hujui kurekebisha alama ya lugha, angalau zima unyooshaji wa ukingo wa kulia, aya zitapumua.

Kisha kuna kamusi. Hiki ndicho kivutio kikubwa cha vifaa vya kusomea: gusa neno, pata maana. Kwa Kiingereza inafanya kazi vizuri mno. Kwa Kiswahili, hata ukifanikiwa kupata kamusi na kuiweka, ukigusa "aliponikumbusha" mara nyingi utaambiwa neno halipo. Na kweli halipo. Kamusi zetu, tangu ile ya Frederick Johnson ya 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, hupanga vitenzi kwa mashina, na msomaji anatarajiwa kumenya viambishi mwenyewe kabla ya kutafuta. Programu haimenyi, inatafuta mfuatano wa herufi kama ulivyo. Watengenezaji wa kamusi za kidijitali wanaweza kuorodhesha maumbo ya kila neno, na kwa Kiingereza, chenye maumbo manne matano kwa kitenzi, hilo linatosha. Kwetu piga hesabu: nafsi 6, njeo 4, yambwa 6, tayari una maumbo 144 ya kitenzi kimoja. Hata ukiondoa yasiyosemeka, hujaingiza ukanushi, ngeli za vitu, urejeshi wala mnyambuliko. Orodha haitoshi. Inahitajika programu inayojua sarufi.

Mfano wa mwisho ni mdogo kiasi kwamba naona haya kuutaja, lakini ulinipotezea mchana mzima. Nilikuwa natafuta kila mahali ambapo neno "ng'ombe" linatokea katika riwaya moja. Programu ikanijibu: hakuna. Kumbe kitabu kilitumia ile alama iliyopinda, mimi nikaandika iliyonyooka, na kwa programu ile hizo ni herufi mbili tofauti kama a na b. Ng'ombe walikuwa wamejaa tele humo ndani. Kama nisingekuwa nimeshakisoma kitabu, ningeandika katika tasnifu yangu, kwa uhakika wa mtu mwenye takwimu, kwamba mwandishi huyu hamtaji ng'ombe hata mara moja.

Nimezitaja kasoro, haki inataka nitaje na zinazonisaidia. Kwenye kompyuta, ninayoitumia zaidi ni calibre, aliyoianzisha Kovid Goyal mwaka 2006 na ambayo bado ni ya bure na huria. Kwa sura haivutii. Inafanana na daftari la mhasibu. Lakini ndiyo inayoniruhusu kukifungua kitabu kwa ndani, kubadilisha en kuwa sw, kuandika ile mistari michache inayookoa mishororo, na kukifunga tena. Kwa kusoma tu bila kutengeneza kitu, Thorium Reader ya EDRLab, taasisi ya Paris, ni safi zaidi na imetengenezwa kwa kuwajali wasomaji wasioona vizuri. Mwenye kompyuta ya zamani ya Windows inayopumua kwa shida atashukuru kuwa na SumatraPDF, nyepesi na isiyo na makuu.

Kwenye vifaa vyenyewe napendekeza KOReader, nayo huria, inayofanya kazi kwenye Kobo, PocketBook na simu za Android. Siwezi kuisifia uzuri. Menyu zake ni nyingi kama vitufe vya chumba cha rubani, na wiki ya kwanza nilikuwa nikifunga kitabu kila nilipotaka kugeuza ukurasa. Lakini inafanya jambo moja ambalo kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki lina uzito kuliko uzuri: inaichukua PDF iliyopigwa picha, kurasa mbili za kitabu cha zamani zilizolala upande, na kuzipanga upya ziingie kwenye skrini ndogo. Tuseme ukweli, hivyo ndivyo sehemu kubwa ya maktaba yetu ilivyo. Hatusomi EPUB zilizotengenezwa vizuri. Tunasoma picha za kurasa zilizopita mikononi mwa watu wengi, zenye kivuli cha kidole gumba pembeni. Hata hizo zinaweza kupewa maandishi yanayotafutika: Tesseract, programu huria ya kutambua herufi, ina data ya Kiswahili chini ya alama swa. Makosa hayakosekani, lakini ukurasa uliokuwa picha tu unakuwa na maneno.

Hayo yote yanahusu kitabu. Lipo na suala la msomaji mwenyewe, yaani alama anazoacha pambizoni. Baada ya ile semina nilitaka kuvitoa vidokezo vyangu vyote vya muhula kutoka kwenye programu niliyokuwa nikitumia, nivilinganishe na kitabu cha karatasi. Programu ikanitolea theluthi yake, kisha ikaniarifu kwamba nimefikia kikomo cha maneno yanayoruhusiwa kunakiliwa kutoka kitabu hicho. Vilivyobaki vilitoka kama nukta tatu. Sikuwa nakopi kitabu. Nilikuwa nadai kazi yangu. Nilikaa siku mbili nikivihamisha kwa kalamu kutoka kwenye skrini kwenda kwenye kaunta buku, mnakili wa mnakili.

Nilikuwa na bahati, kwa kuwa wengine wamepoteza zaidi. Julai 2009, Amazon iliviondoa kwa mbali kutoka kwenye vifaa vya wateja wake vitabu viwili vya George Orwell, kikiwemo kile ambacho sisi tunakijua kama Shamba la Wanyama tangu Fortunatus Kawegere alipokitafsiri mwaka 1967. Aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza Marekani. Wateja walirudishiwa pesa, na mkuu wa kampuni akaomba radhi hadharani. Lakini mwanafunzi mmoja wa sekondari wa Michigan alibaki na vidokezo vya kazi yake ya likizo vikielekeza kwenye kurasa ambazo hazikuwepo tena, akaenda mahakamani. Mwaka 2019 Microsoft nayo ililifunga duka lake la vitabu. Aprili mauzo yalikoma, na kufikia Julai vitabu vyenyewe viliacha kufunguka. Pesa zilirudishwa zote, na aliyekuwa ameandika vidokezo ndani ya kitabu aliongezewa dola 25. Hiyo ndiyo bei pekee ya pambizo niliyowahi kuisikia ikitajwa. Na Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Jinsi mlango unavyozidi kuwa mwembamba, ndivyo neno "kununua" linavyozidi kumaanisha kukodi.

Najua jibu la upande wa pili, na si la kipuuzi. Mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa senti. Kitabu chake kikitoka bila kufuli la kidijitali, kufikia jioni kiko kwenye makundi 10 ya WhatsApp, na wanaokisambaza ni sisi, wanafunzi, tunaoandika tasnifu kuhusu heshima ya fasihi yetu. Sina pa kujificha. Nimepokea mafaili hayo na nimeyatuma. Ila sioni kufuli likimlinda. Kitabu kile kile kinatolewa kopi nzima katika steshenari iliyo getini mwa chuo, na hakuna programu inayoizuia mashine ya kopi. Kufuli linamkamata aliyelipa tu: yeye ndiye anayezuiwa kunukuu, kuhamisha, kurekebisha mshororo uliovunjika. Kama kuna mchapishaji anayesoma hapa, ombi langu ni dogo. Niuzie faili lililo wazi, lenye jina langu ndani yake kama alama ya mnunuzi ukitaka, nami nitakulipa. Ninaona ni haki pia kwamba anayelipa ajue analipia kitu cha kukaa nacho.

Kwa hiyo nikiulizwa sasa nitumie programu gani, sijibu kwa jina kwanza. Nauliza vidokezo vyako vinakaa wapi. Calibre inaweza kuviweka ndani ya faili la kitabu chenyewe. KOReader inaviweka kwenye folda iliyo kando ya kitabu, katika maandishi ya kawaida ambayo kompyuta yoyote itayafungua hata KOReader ikifa kesho. Kindle nayo, kwa haki yake, huandika faili la maandishi matupu linaloweza kunakiliwa. Programu isiyoweza kunijibu swali hilo, hata iwe nzuri kama maji ya mtungi, naisomea riwaya za usingizi. Siisomei kitu ninachokusudia kukifikiria kwa muda mrefu.

Lile shairi nililirudia. Nilinunua diwani ya karatasi, kisha nikalikarabati faili langu, kipande kwa kipande, hadi mishororo yote ikasimama kama ilivyo kitabuni. Ilikuwa kazi ya jioni moja, na jioni hiyo ndipo nilipoona nilichokuwa sikioni. Kuanzia ubeti wa nne, kina cha kati na kina cha mwisho vinabadilishana nafasi. Sauti iliyokuwa ikifunga mshororo inahamia katikati, na ile iliyokuwa katikati inakuja kufunga. Ni katika ubeti huo huo ambapo msemaji wa shairi anaacha kumlaumu aliyeondoka na kuanza kujilaumu mwenyewe. Ukiushi nilioutafuta ulikuwepo kweli, mtulivu, wenye hesabu zake, na sikuuona kwa sababu skrini yangu ilikuwa imekizamisha kina cha kati tangu mshororo wa kwanza.

Makala yangu ya kwanza ilirudi ikiwa na maandishi machache ya kalamu nyekundu. Mwalimu hakuzigusa zile kurasa 3 za upweke, alizipita tu. Kwenye pambizo, mbele ya mstari nilioutaja kitabu kwa mara ya kwanza, alikuwa ameandika maneno mawili: "Toleo gani?"

Siku hizi najibu kabla sijaulizwa. Ninaponukuu shairi nililolisomea kwenye kifaa, naandika jina la kitabu na mwaka, halafu jina la programu, ukubwa wa skrini na ukubwa wa herufi. Wenzangu wananiona nimezidisha. Mwalimu aliusoma mstari huo wa kwanza nilipompelekea makala mpya, akaweka alama ndogo ya vema pembeni, akaendelea kusoma.